Kuandika bure, kuandika kwa hela au kuandika kwako mwenyewe: tulinganishe kabla hujasema ndio

Kuna meseji moja ambayo karibu kila mwandishi wa kujitegemea ameshaipata, na kama bado basi iko njiani. Inaanza na sifa, "tumependa sana uandishi wako", inakuja ahadi, "tuna wasomaji wengi, jina lako litafika mbali", halafu mwishoni kabisa ndo unakutana na yenyewe, "ila kwa sasa hatuna bajeti ya waandishi". Mi hiyo meseji nimeijibu "sawa" mara nyingi sana huko nyuma, nikaandika, nikarekebisha, nikasubiri huko mbali nilikoahidiwa, na ninachoandika hapa nimekipata kwa njia hiyo.

Watu wakijadili hii mada huwa wanaweka vitu viwili tu kwenye mzani, bure upande huu na hela upande ule, halafu anatokea mmoja anauliza "lakini si lazima uanzie mahali?" na mjadala unafia hapo. Njia ziko tatu jamani. Kuna kumwandikia mtu bure, kuna kumwandikia mtu kwa malipo hata yakiwa madogo, na kuna kuandika bure lakini kwenye uwanja wako mwenyewe, yaani blogu yako, jarida lako la imeli, ukurasa wako. Ukishaiweka hiyo ya tatu mezani, hoja karibu zote za kuwaandikia watu bure zinakosa pa kusimama, na ndo maana nazilinganisha zote tatu kwa pamoja.

Muda

Chukua makala ya kawaida ya maneno 1000. Kwangu mimi kusoma na kutafiti ni masaa mawili mpaka matatu, kuandika mengine matatu, kuiacha ipoe halafu kuirudia saa nzima, picha na linki na kichwa cha habari nusu saa nyingine, ikiisha siku imeisha. Hiyo haibadiliki ulipwe usilipwe, kama we ni mtu unayejali kazi yako.

Kinachobadilika ni kinachokuja baada ya hapo. Kazi ya kulipwa unaanza kwa kukubaliana, marekebisho ni mara mbili, yakizidi tunaongea upya, na mteja anajua hivyo kwa hiyo anakusanya maoni yake yote anakutumia kwa mpigo. Kazi ya bure haina ukomo huo. Leo atakwambia badilisha mwanzo, kesho bosi wake ameona anataka iwe fupi, keshokutwa iwe ndefu, wiki inayofuata "tumebadilisha mwelekeo kidogo". Na wala sio watu wabaya, ni kwamba kitu ambacho hakimgharimu mtu chochote hana sababu ya kukitumia kwa uangalifu, ndo binadamu tulivyo. Makala iliyonisumbua kuliko zote nilizowahi kuandika ilikuwa ya bure, nilirudishiwa mara saba, na haikutoka.

Kwenye blogu yako ni tofauti kabisa, ukiridhika unaposti, hamna wa kukwambia "ongeza chumvi". Ubaya wake ni kwamba hamna dedilaini pia, na mtu asiye na dedilaini anaweza akakaa na rasimu moja miezi mitatu, hilo nakiri kabisa.

Halafu kuna hasara ambayo haionekani, yale masaa saba uliyompa mtu bure ndo yaleyale ambayo ungetuma mapendekezo ya makala kwa wahariri watano wanaolipa. Mwandishi anayeanza hana hela, hana jina, mtaji alionao ni muda peke yake, sasa huo mtaji ndo wanaouomba.

Sampuli za kuonyesha

Hii ndo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa bure, kwa hiyo tuipe haki yake. "Siwezi kupata kazi bila sampuli, na siwezi kupata sampuli bila kazi." Ni kweli, na inauma, na ndo mlango ambao wengi tuliingilia.

Ila jiulize mteja anayelipa anafanya nini na sampuli zako. Anafungua linki, anasoma aya ya kwanza, labda na ya pili, anaangalia kama sentensi zinatembea, kama unajua unachokiongelea, kama unaweza kuanza habari na kuimaliza. Miaka yote hii sijawahi kuulizwa na mteja hata mmoja "hii ulilipwa?". Hawaulizi kwa sababu hawajali. Sasa kama kinachoangaliwa ni maandishi yenyewe, makala nzuri iliyokaa kwenye blogu yako inafanya kazi ileile, tena wakati mwingine inafanya vizuri zaidi kwa sababu we ndo ulichagua mada. Unataka kuandikia masuala ya fedha, andika tatu za fedha. Unataka afya, andika za afya. Ukimwandikia mtu bure unaandika anachotaka yeye, unajikuta una sampuli kumi za mambo ambayo hutaki kuyaandika tena maishani na hizo ndo zinakuletea kazi zingine za hivyohivyo.

Kuna kitu kimoja blogu yako haina, nacho ni mhariri. Makala iliyopita mikononi mwa mhariri wa kweli ina uzito, maana kuna mtu mwingine amesema "hii inafaa", na yule mhariri mwenyewe anakufundisha mambo ambayo usingeyajua ukiwa peke yako. Lakini angalia vizuri hizi sehemu zinazoomba kazi ya bure, nyingi hazina mhariri, kama hawana bajeti ya mwandishi bajeti ya mhariri wataitoa wapi? Anayepokea makala yako ni mtu wa mitandao ya kijamii, anakopi anapesti. Mhariri utampata kule kwenye malipo, hata madogo, na hii ni sababu kubwa ya kukimbilia malipo madogo kwenye sehemu yenye uhariri mzuri kuliko umaarufu kwenye sehemu isiyo nao.

Na hifadhi kopi, tafadhali sana. Niliwahi kuwa na makala sita kwenye tovuti moja ya watu, siku moja nafungua linki nimtumie mteja nakuta tovuti haipo, wamefunga, na mimi rasimu zangu nilikuwa nimeandika mlemle kwenye mfumo wao. Sita zote zilienda. Siku hizi kila kitu kikitoka nakihifadhi kama PDF siku hiyohiyo.

Hiyo promo yenyewe

Hapa nataka tukae kidogo maana hapa ndo watu wengi wanapoliwa.

Ahadi ya promo, yaani ile ya kwamba jina lako litatangazwa, inategemea mlolongo huu: wasomaji waone makala, waangalie jina la mwandishi, wabonyeze jina, wafike kwako, na miongoni mwao awepo mtu anayetafuta mwandishi wa kumlipa. Sasa hebu jiulize we mwenyewe kama msomaji, mara ya mwisho kusoma makala mtandaoni uliangalia nani kaandika? Jana umesoma ngapi, unakumbuka majina mangapi? Na hata huyo mmoja aliyebonyeza jina lako, ni msomaji, hanunui maandishi. Wanaonunua ni wahariri, wakuu wa masoko, wenye biashara, waanzilishi wa mashirika, na hao hawazunguki kwenye tovuti wakitafuta jina la kuliokota, wanauliza wenzao "unamjua mwandishi mzuri?" au wanafungua imeli zilizoandikwa vizuri.

Kwa hiyo ukiahidiwa promo ichukulie kama ofa nyingine yoyote, iulizie. Jina langu litakaa wapi, juu ya makala au chini kwa maandishi madogo? Linki itaenda kwenye ukurasa wangu au kwenye ukurasa wenu? Wasomaji ni wangapi kwa mwezi na ni watu wa aina gani? Je makala mtaipush kwenye imeli yenu na mitandao yenu, na mara ngapi? Mwenye promo ya kweli hizo namba anazo kichwani, kwa sababu ndo hizohizo anazowaonyesha wanaomlipa matangazo. Akianza kuzungukazunguka basi ujue. Na kama kazi yenyewe ni ya kuandikia jina la mtu mwingine, halafu bado wanaongelea promo, hapo hata cha kulinganisha hamna, jina lenyewe halipo utatangazwa na nini.

Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, na huu msemo nimetupiwa mara nyingi nikikataa kazi. Mi nauheshimu. Ila anayezungumziwa mle ni mtu aliye njiani anakwenda zake, miguu yake na njia yake, anaokota kilichodondoka. Mwandishi anayemwandikia mtu bure hatembei, amekaa kwenye kiti cha mwenzake anafanya kazi ya mwenzake. Ukitaka kwenda bure nenda kwa njia yako, andika kwako, utaokota huko.

Tena kuna mfano mkubwa tu ambao dunia nzima iliuona. The Huffington Post, tovuti ya habari, ilianzishwa 2005 huko Marekani, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilitoka kwa wanablogu ambao hawakuwa wanalipwa, malipo yao yalikuwa ni kuonekana. Mwaka 2011 kampuni ya intaneti ya AOL wakainunua kwa dola milioni 315. Mwaka huohuo mwandishi Jonathan Tasini akafungua kesi kwa niaba ya wenzake wakidai dola milioni 105, kwamba na wao walichangia kuijenga ile thamani. 2012 mahakama ikaitupa kesi, hoja ikiwa kwamba waliandika wakijua toka mwanzo kuwa hawatalipwa, kwa hiyo walipata kile walichokubali. Januari 2018 Huffington Post yenyewe ikafunga ule mfumo wake wa wachangiaji wa bure Marekani. Mi kinachonikaa rohoni kwenye hiyo stori ni ile hoja ya mahakama. Ukisema "sawa, bure" umeshasema, siku hela zikija huna pa kuanzia kudai.

Wanavyokuona baadaye

Nilimwandikia mtu mmoja makala nne bure, alikuwa anaanzisha kampuni, mwema kabisa, ananishukuru kila siku, anasema "mambo yakikaa sawa we ndo wa kwanza". Mambo yakakaa sawa kweli. Wakapata hela, wakatangaza nafasi ya mwandishi, wakamchukua mtu mwingine. Nilipomuuliza akanijibu kwa nia njema kabisa, bila hata kuona kama ananiumiza, kwamba sasa hivi walikuwa wanatafuta mtu "profeshono". Zile makala nne bado zilikuwa kwenye ukurasa wao wa mbele.

Nilikasirika sana siku hiyo lakini baadaye nikaelewa. Mtu akikujua kama wa bure, kichwani kwake umeshawekwa kwenye kapu hilo, na kutoka sifuri kwenda kwenye bei yoyote ni mbali kuliko kutoka bei ndogo kwenda kubwa. Anayekulipa kidogo, miezi sita baadaye unamwandikia "bei yangu kuanzia mwezi ujao ni hii", ataguna, mtapatana katikati. Anayekulipa sifuri hakuna katikati, kila namba utakayotaja itamshtua. Ndo maana nasema kati ya bure na malipo madogo kuna ukuta, wakati kati ya malipo madogo na makubwa kuna ngazi tu, unapanda.

Kama umeamua kumsaidia mtu bure kwa sababu zako mwenyewe, basi mtumie invoisi. Ndio, invoisi. Andika bei kamili ya kazi, chini yake andika punguzo asilimia 100, jumla sifuri. Anaona kwa macho thamani ya alichopewa, na siku ukija kumtajia bei sio ngeni kwake. Mi hii nilianza kuifanya nikiwa nimeshachelewa ila imenisaidia kwa waliofuata.

Haki za maandishi

Watu wanadhani kitu cha bure hakina mwenyewe. Si kweli. Mkataba wa Berne, ule wa 1886 pamoja na marekebisho yake yaliyofuata, ambao nchi nyingi sana duniani zimo, unalinda maandishi tangu yanapoandikwa, bila kujisajili popote. Kwa hiyo makala uliyompa mtu bure bila kusaini chochote kwa kawaida bado ni yako, yeye umemruhusu kuitumia.

Tatizo ni zile fomu. Unapewa fomu ya "mchangiaji", unabonyeza nakubali, na ndani yake umeandikiwa kwamba haki zote ni zao milele, wanaweza kuiuza, kuitafsiri, kuitoa jina lako, kuitumia kwenye tangazo. Yaani hujalipwa na bado umeuza. Kwenye kazi ya malipo haki zote kuchukuliwa ni jambo la kawaida kabisa, hasa ukiandikia kampuni, lakini angalau kuna kitu kimerudi, na bei ya haki zote inatakiwa iwe juu kuliko bei ya kuchapisha mara moja tu. Kwenye blogu yako kila kitu kinabaki chako, leo ni posti, mwakani ni sura ya kitabu, mwaka wa tatu unaiuza gazetini baada ya kuiandika upya.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu sisi ni mkataba, hata uwe imeli ya mistari mitano. Kazi gani, urefu gani, dedilaini lini, marekebisho mangapi, malipo kiasi gani na lini. Hiyo "lini" iangalie kwa jicho kali maana kuna kulipwa makala ikikubaliwa na kuna kulipwa ikichapishwa, zinafanana kwa masikio tu, ya pili unaweza kusubiri mwaka mzima kwa makala ambayo wameipenda na hawana nafasi ya kuitoa, na kama hawaitoi kabisa umeandika bure bila kujua. Omba pia kipengele kwamba wakiagiza halafu wakaghairi, wanakulipa sehemu ya bei. Kwenye magazeti mengi makubwa hicho kitu kipo, mara nyingi robo ya malipo au zaidi, lakini usipouliza hawakumbuki kukwambia.

Hata serikali zimeanza kuliona hili. Mji wa New York una sheria iliyoanza kufanya kazi Mei 2017, anayemwajiri frilansa, yaani mtu wa kujitegemea, kwa kazi ya kuanzia dola 800 lazima ampe mkataba wa maandishi, na kama mkataba haukutaja tarehe ya malipo basi alipe ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika. Sehemu nyingi hazina ulinzi wa hivyo, kwa hiyo ile imeli yako ya mistari mitano ndo sheria yako.

"Tuandikie moja ya majaribio"

Hii ni bure iliyovaa nguo za kazi. Unaomba nafasi ya kuandika, wanakujibu vizuri, wanakwambia wanataka kuona uwezo wako, andika makala moja ya maneno 1200 juu ya mada hii, na picha, na maneno ya kutafutika Google, ulete Ijumaa. Unaandika kwa moyo wote. Kimya. Baada ya wiki tatu unakutana nayo kwenye tovuti yao, wakati mwingine hata jina hamna.

Ukicheki hesabu yake utaelewa kwa nini wanafanya. Wakiomba watu 20, kila mtu mada yake, wana makala 20 mwezi huo na hawajatoa hata senti. Dalili ni hizo: kila mwombaji anapewa mada tofauti, urefu ni wa makala kamili, wanataka iwe tayari kuchapishwa. Mtu anayetaka kupima uwezo anakupa aya mbili au tatu, au anawapa wote mada moja, au anasoma sampuli zako, au analipa jaribio, na wapo wengi tu wanaolipa majaribio, tena ndo wateja wazuri kuliko wote maana ameshakuonyesha namna anavyofikiria kabla hata hamjaanza. Mi siku hizi nawajibu kwamba sampuli zangu hizi hapa, jaribio la maneno mpaka 200 nafanya, zaidi ya hapo ni bei hii. Wanaokimbia baada ya hilo jibu wamenipunguzia wiki tatu za kusubiri.

Kuandika kwako, ukweli wake

Nimeisifia sana hii njia kwa hiyo niseme na ugumu wake. Mwanzoni hakuna anayesoma. Hakuna kabisa. Utaposti makala uliyoikesha na itasomwa na watu tisa, wawili wakiwa ni wewe kwenye simu na kwenye laptopu. Hamna hela inaingia, hamna mhariri anayekusahihisha, na usipokuwa na ratiba utaachia njiani. Kama unategemea kula kesho, blogu haitakulisha kesho.

Lakini mcheza kwao hutunzwa. Kila kitu kinachotokea pale ni chako, msomaji akijiandikisha imeli yake unayo wewe, mtu akishea anashea jina lako, mhariri akisearch anakukuta. Na makala tano nzuri zinatosha kuanza kuomba kazi za malipo, huhitaji hamsini. Andika tano, ziweke, kesho yake anza kutuma mapendekezo, usisubiri blogu ikue ndo uanze.

Bure ambayo siikatai

Swali langu ni moja tu siku hizi: kuna mtu mwingine analipwa kwenye hii kazi? Kama dizaina kalipwa, wa hostingi kalipwa, wa matangazo kalipwa, anayekuomba mwenyewe yuko kwenye mshahara, halafu mwandishi peke yake ndo "tunajenga pamoja", hapo jibu ni hapana. Kama hakuna anayelipwa, wote mnajitolea kwa sababu jambo lenyewe linawagusa, kikundi cha wagonjwa wanaosaidiana, watu wanatetea shule isifungwe, msiba umetokea mnachangisha, hapo andika na uandike vizuri kuliko unavyoandika kwa hela. Hiyo ni kujitolea, na kujitolea unachagua mwenyewe, hakuombwi na mtu anayepata faida.

Kubadilishana nako kupo. Unamwandikia mtu wa tovuti maelezo ya huduma zake, yeye anakutengenezea tovuti yako. Hayo ni malipo, yawekee mkataba na dedilaini kama malipo mengine, maana kwenye kubadilishana yule anayemaliza kwanza ndo huwa anasubiri.

Na kuna posti ya mgeni, unaandika bure kwenye tovuti ya mwenzako ili wasomaji wake waje kwako. Inafaa kama una kitu cha kuwapa wakifika, kitabu, kozi, huduma, jarida la imeli. Kama kwako hamna kitu ni kuwaita watu kwenye nyumba isiyo na milango.

Sasa wewe uchague ipi

Kama ndo unaanza na huna hata sampuli moja, usimwandikie mtu bure, andika tano zako wiki mbili au tatu zijazo halafu ingia moja kwa moja kwenye malipo madogo, na bei hiyo ndogo jiwekee mwisho wake, labda kazi kumi, baada ya hapo inapanda. Kama una ajira nyingine na unaandika usiku, we ndo uko kwenye hatari zaidi ya kusema "sawa tu, mi nalipwa kwingine", na kila ukisema hivyo unamwekea bei ya sifuri mwenzako anayeishi kwa kalamu, naomba ulifikirie hilo kwa sababu sidhani kama wengi wanalifikiria. Kama we ni daktari au mwanasheria au mtaalamu wa kitu na unaandika ili upate wateja wa fani yako, posti za mgeni zina maana kwako kuliko kwa mwandishi, ile promo kwako inageuka kazi.

Na kama uko katikati ya bure tayari, una mtu unamwandikia mwezi wa nne huu na unaona aibu kutaja hela, toka taratibu. Ile makala uliyoahidi imalize, usiiharibu. Siku unayoituma, kwenye imeli hiyohiyo, andika kitu kama hiki:

"Habari, makala uliyosubiri nimeiambatisha. Nimefurahia kufanya kazi na nyie miezi hii. Kuanzia makala inayofuata nitakuwa natoza (weka bei yako) kwa makala ya maneno 1000, pamoja na marekebisho mara mbili, malipo ndani ya siku 14 baada ya kuikubali. Kama mnaafiki niambieni mada inayofuata nianze."

Usiombe radhi mle ndani, usielezee shida zako za nyumbani, usiandike "kama itawezekana". Halafu akikuuliza unaweza kupunguza, usishushe bei kavukavu, punguza kazi, mwambie kwa hiyo hela naweza kuandika maneno 600 na marekebisho mara moja. Nilipotuma ya kwangu ya kwanza nilikaa siku mbili sifungui imeli kwa uoga. Alikuwa amejibu ndani ya dakika 20, "sawa, tuma namba ya akaunti".